Ukoo wa Majoka kwenye Bariere

Sisi tuliokulia Mususa, kabla simu haijaingia mkononi mwa kila mtoto, tulijua kujitengenezea dunia. Asubuhi ukungu ulifunika vilima vya Butembo hata jirani ukamtambua kwa kikohozi chake tu. Tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu vilivyolala, kisha tukatoka na mpira wa majani ya migomba, au na kachukudu ketu, kale ka baiskeli ka mbao kasiko na pedali, tulikotelemka nako mpaka magoti yakachubuka. Mama alipiga kelele mlangoni: "Murudi na meno yenu yote!" Lakini mchezo ninaoukumbuka kuliko yote haukuwa wa mbio. Ulikuwa wa majoka.

Yaya Masika, dada yangu mkubwa kwa ukoo, binti wa kaka mkubwa wa papa, yaani baba yangu, aliishi Beni, upande wa Mavivi, na kila likizo kubwa aliletwa kwetu. Mwaka ule mwalimu wake alikuwa amewafundisha kwamba zamani sana farasi alikuwa na vidole, na kwamba wanyama hubadilika polepole, mtoto akitofautiana kidogo na mzazi, mpaka kitukuu hafanani tena na babu.

"Kavira," aliniambia siku aliyofika, hata kabla ya kunawa vumbi, "hata badragoni beko na bankambo." Yaani hata majoka wana mababu.

Tukapasua mfuko wa simenti, tukachukua karatasi ya ndani iliyo safi, tukaichorea kwa makaa na kalamu ya Biki. Tulibuni nchi nzima, ya ukungu kama kwetu, na humo tukapanga ukoo wa majoka. Majina tuliyatoa nyumbani. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, basi na majoka tukawapa vilevile. Juu kabisa tulimweka Mumbere, nkambo wa wote, mwenye miguu minne na mabawa mawili. Kutoka kwake mishale miwili ikashuka: mmoja kwa Kambale, aliyejifunza kutema moto akakimbilia porini, mwingine kwa Kasereka, aliyechimba mashimo mpaka mabawa yakamwisha. Chini alikuwa Kahindo, joka wa majini.

Kahindo ndiye aliyetugombanisha. Mimi nilisema ametoka kwa Kasereka: tayari hakuwa na mabawa, alibakiza kugeuza mkia tu uwe kasia. Yaya Masika alikataa katakata. Alisema ametoka kwa Kambale, kwa sababu mabawa ndiyo yaliyogeuka mapezi. Tulinuniana kwenye sahani moja ya bugali na sombe, majani ya muhogo. Likizo ikaisha, na mshale wa Kahindo ulikuwa bado haujachorwa.

Papa akatuchukua twende kumrudisha Beni. Barabara ile, wenzangu mnaikumbuka: waasi walikuwa wamejificha porini, na askari waliwawinda. Ndani ya gari la abiria wakubwa waliongea kwa sauti ya chini. Papa alikuwa ametuonya juu ya vizuizi vya askari: "Ku bariere, mutoto hana kinywa."

Karibu na Kalunguta tukasimamishwa. Wote chini, kadi mkononi, mizigo wazi. Askari akafungua mfuko wa yaya Masika, akatoa ile karatasi, akaikunjua. Nikaona uso wake ukibadilika. Akamwita komanda wake.

Komanda hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala. Aliisoma karatasi taratibu, kidole kikifuata mishale.

"Oyo nini? Mumbere ni mukubwa. Chini yake Kambale. 'Anatema moto, alikimbilia mu pori.'" Akainua kadi ya papa. "Na weye ni nani?"

"Kambale," papa akajibu.

Watu waliokuwa karibu nasi wakasogea mbali kidogo kidogo, kama maji yanayopungua. Nusu ya wanaume wa lile gari waliitwa Kambale, lakini hakuna aliyethubutu kulisema.

"Ni muchezo ya batoto, komanda. Hapana bantu, ni badragoni," papa akasema.

"Badragoni." Komanda hakucheka. Papa akaketishwa chini, viatu vikavuliwa, askari wawili juu yake. Kisha komanda akatutenganisha. Yaya Masika akapelekwa nyuma ya kibanda, mimi nikabaki. Aliniuliza Mumbere ni nani, nikasema. Kasereka aliachaje mabawa, nikasema. Mwisho akaweka kidole penye Kahindo.

"Huyu hana mushale. Mama yake ao baba yake ni nani?"

Nikijibu langu, naye akajibu lake, papa habaki salama. Nilimjua yaya Masika. Hakuwahi kurudi nyuma hata mbele ya mwalimu. Basi nikajibu la kwake.

"Kambale."

Komanda akaenda nyuma ya kibanda. Aliporudi alikuwa amemshika yaya Masika mkono, huku ameyafinya macho.

"Mumoja anasema Kambale, mwingine Kasereka. Munanidanganya."

Nikageuka kwa yaya Masika. Naye alikuwa amejibu la kwangu! Hofu yote ikageuka hasira.

"Juu ya nini ulisema ya yangu? Ulikataa likizo muzima!"

"Na weye juu ya nini ulisema ya yangu? Wakati hata hauiamini!"

"Mabawa haiwezi kuwa mapezi!"

"Na mukia je? Mukia peke yake itamuogelesha?"

Alikuwa analia, nami nalia, na tukaendelea kugombana mbele ya bunduki, mapezi, mkia, mashimo, tukisukumana mabega. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka tu kwamba komanda alivua kofia, akajipangusa uso, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Papa, vala viatu. Beba batoto yako." Karatasi akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

Tukapanda garini tena. Papa alitushika mikono, mmoja huku, mwingine huku, mpaka Beni, na vidole vyetu vikauma. Hakutugombeza. Jioni alisema tu, "Mutawatafutia majina ingine." Tulijaribu. Majoka wasio na majina ya nyumbani walikataa kutembea, nasi tukaacha.

Leo binti yangu naye ana majoka. Wamo ndani ya simu, wamekwisha kupakwa rangi, wananguruma wenyewe, na yeye hana habari na nkambo wa yeyote. Nikimwambia tulitumia makaa, ananihurumia. Wiki iliyopita niliinama nyuma yake nisome majina yao. Yote yalikuwa ya kizungu; hakuna Mumbere, hakuna Kambale. Nikasikia nafuu. Kisha nikakaa pale, nikiihuzunikia ile nafuu.