Chini ya Ngazi za Mama Mkwe

Nilipofikisha miaka sitini, kazi iliniaga kabla sijaiaga mimi. Hakuna aliyenionea. Ndivyo sheria ya hapa China ilivyo: kibali cha mgeni mfanyakazi kina ukomo, na ukomo wangu ulikuwa umri. Laoban wetu, maana sokoni hapa kila bosi ni laoban, alileta keki yenye vipande vya matunda, wenzangu wakanipigia makofi wakiizunguka meza ya kukagulia vitambaa, kisha karani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kibali changu cha ukaaji kitakwisha pamoja na mkataba. Nikala kipande chote nilichokatiwa. Keki ilikuwa tamu, nami nilikuwa na hasira.

Nimetoka Shinyanga, kwenye nchi ya pamba. Nilikuja China kijana, kwa ufadhili, kusoma ufumaji wa nguo, nikitarajia kurudi kusimamia kiwanda. Kiwanda chenyewe kikafungwa kabla sijamaliza masomo, nikabaki. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupapasa vitenge. Nimekagua majora kwa majora pale Zhongda, soko la vitambaa, nikitafuta rangi iliyovuja na uzi uliokatika, kwa niaba ya wafanyabiashara wa kwetu wasioweza kusafiri kila mara. Humo humo sokoni nikamwoa muuza zipu na vifungo, mwenyeji wa mji huu. Nilioa nikiwa nimechelewa, kiasi kwamba dada yangu aliniuliza kwa simu kama naoa au naajiri muuguzi. Tukacheka. Aliyekuja kuugua ni mke wangu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na mwaka juzi akafariki. Ameniacha na binti mmoja, aliye darasa la tano.

Kibali changu siku zote kilikuwa cha kazi. Cha ndoa kisingeniruhusu kuajiriwa, na sisi tulihitaji kula. Sasa kazi haikuwapo, ndoa haikuwapo, na aliyebaki wa kunishikilia mjini hapa ni yule mtoto. Yeye ni raia wa China, na baba anayemlea mtoto raia anaweza kuomba kibali cha familia. Binti wa dirishani pale uhamiaji alinieleza vizuri, wala sina la kumlaumu. Nilete cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nilete kitabu cha kaya alimoandikishwa, chenyewe, si nakala. Na mkuu wa kaya hiyo aandike kwa mkono wake kwamba mimi ni mtu wa familia na nitakaa hapa kumlea mtoto.

Mkuu wa kaya ni mama mkwe wangu. Bila maneno yake ningepanda ndege na mtoto angebaki, maana shule yake iko hapa, bibi yake yuko hapa, na hata usingizini huweweseka kwa lugha ya hapa. Ningekuwa baba wa kwenye simu. Nimewaona akina baba wa namna hiyo: mtandao ukikatika wanabaki wakiongea na kioo, na mtoto kesho yake hakumbuki waliishia wapi. Sikutaka kuwa mmoja wao. Niliogopa, na sioni aibu kusema niliogopa.

Lazima nieleze habari ya mkwe, maana kuna msomaji atakayeniona kichaa. Kwetu, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Humtazami usoni. Huli naye. Humwiti, wala yeye hakuiti. Akiwa na kitu cha kukupa hakupi mkononi. Anakiweka chini, anaondoka, nawe unakiokota. Baba yangu akikutana na mama mkwe wake njiani aliingia kwenye mtama mpaka yule mama apite, na nilimwona akifanya hivyo akiwa na mvi. Hakuna aliyemcheka. Walisema huyo ndiye mkwe mwenye adabu.

Basi na mimi nikawa mkwe mwenye adabu hapa Guangzhou. Mama mkwe wangu anaishi ghorofa ya nne, katika nyumba ya zamani isiyo na lifti, uchochoro wa nyuma ya soko la Shisanhang, ambako tangu alfajiri watu wanakokota marobota ya nguo wakipiga kelele wapishwe. Siku za sikukuu mke wangu na mtoto walipanda kula. Mimi nilibaki chini ya ngazi, na mfuko wa machungwa niliokuja nao ukapandishwa na mtoto. Nikilazimika kufika juu, nilisimama mlangoni macho sakafuni. Hata siku ya harusi niliomba meza ya mbali. Mke wangu alicheka sana mwanzoni, kisha akazoea. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga kati yetu: salamu zilipitia kwake, na lawama, kama zilikuwapo, ziliishia kwake. Alipokufa, mtoto akawa anakula mchana kwa bibi yake kwa kuwa ni karibu na shule, na jioni nikawa namsubiri pale pale chini. Mama mkwe akichungulia dirishani, mimi nainamisha kichwa. Niliamini tunaelewana.

Jumamosi moja nikapanda, mtoto mbele. Mama mkwe huzungumza Kikantoni tu, lugha ya wenyeji, si Kichina cha shule nilichosoma, na Kikantoni changu ni cha kupatania bei, kwa hiyo mtoto ndiye mkalimani. Nilisimama mlangoni nikitazama ndala za mama mkwe, za plastiki, za bluu, nikaeleza shida yangu kwa adabu zote nilizofundishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja.

"Baba," mtoto akaniambia, "Popo anasema hapana." Popo ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Muulize kwa nini."

Wakaongea wawili hao, na mtoto akaanza kuvutavuta kamba za begi lake. Nikajua kuna maneno hataki kuyavusha.

"Sema tu, mama," nikamwambia.

"Anasema ataandikaje wewe ni mtu wa familia? Tangu umuoe mama hujawahi kumwita. Hata siku moja. Mtu wa kuleta gesi akiingia anamwita Popo, wewe unaangalia chini kama hapa pananuka. Chakula chake hujala. Mama alimwambia wewe una haya. Anasema, haya gani haiishi?"

Nilijua kwamba Wakantoni, mdogo akiingia, humwita mkubwa kwa cheo chake, mjomba, shangazi, bibi, na mezani humwita tena kabla ya kugusa chakula. Asiyeita hakulelewa. Nilijua jambo hilo jinsi mtu anavyojua desturi za jirani: zinamhusu jirani. Halikunipitia akilini kwamba yule mama, kule juu dirishani pake, alikuwa akingoja kuitwa.

Niliondoka nimefura. Miaka yote ninamheshimu kuliko binadamu yeyote wa mji huu, kumbe kwake mimi ni mtovu wa adabu! Mwacha mila ni mtumwa, nikajiambia, na nikamwambia mtoto pia, ambaye hakuuliza. Nilisema nitakwenda zangu Shinyanga. Mtoto akaniuliza, "Na mimi?" Nikazidisha mwendo.

Nina rafiki, Mkongomani wa Lubumbashi, anayenunua jinzi kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian. Siku iliyofuata nikamfuata huko nimpe malalamiko yangu, nikitarajia anitetee.

"Kwetu nako ni vile vile," alisema, huku akikagua mshono wa suruali. "Belle-mère, mama mukwe, unamukimbia. Lakini sikia, mzee. Kule, unapokimbia, yeye anajua juu ya nini unakimbia. Uyu mama hajue. Heshima yenye mwenyewe hajue, ni heshima ya nani?"

"Ya wazazi wangu," nikamjibu kwa ukali.

"Bon. Basi wazazi wako bakuandikie iyo barua."

Nilimchukia, na chai aliyoninunulia sikuimaliza. Nilimchukia kwa sababu amesema kweli. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilikuwa nimecheza ngoma ya kwetu ugenini, kisha nikakaa kusubiri kutunzwa. Lakini kujua ni kitu kimoja. Nilivyolelewa mimi, kumwita mama mkwe wako na kumtazama akitafuna ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Siongezi chumvi. Siku zile sikulala vizuri, nikimwomba radhi baba yangu aliyekwisha kufa kwa jambo ambalo nilikuwa bado sijalifanya, na huku muda wa kibali ukiyoyoma.

Jumapili moja nikapanda tena na mtoto, wakati wa chakula cha mchana. Mlangoni nikainua uso, na kwa mara ya kwanza nikamwona. Nilishtuka, kwa kuwa macho ni yale yale ya mke wangu, yamewekwa katika uso mkongwe. Hakuna aliyewahi kuniambia, na ningewezaje kujua? Nikasema, "Ma." Ndivyo mkwe huita huku. Nikalirudia kwa sauti zaidi.

Hakutabasamu. Alivuta kiti kimoja kutoka mezani, akarudi kupakua wali.

Nikakaa. Kulikuwa na samaki wa mvuke na mboga za majani. Mtoto akaita, "Popo, kula," kwa lugha yao, kisha akanitazama. Nikaita na mimi. Tukala watu watatu meza moja. Mama mkwe akachukua mnofu wa tumbo la samaki, ule usio na miiba, akauweka kwenye bakuli langu kwa vijiti vyake mwenyewe. Niliumeza bila kuusikia ladha. Habari ya kitabu sikuitaja, wala yeye hakuitaja. Nilishuka ngazi nikiwa sina kitabu na sina mila, na nilijisikia fukara kuliko nilivyowahi kujisikia maishani mwangu.

"Baba, mbona siku zote ulikuwa humwiti Popo?" mtoto aliniuliza kwenye treni.

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza habari za babu yake na mtama, na kuokota vitu vilivyowekwa chini, na kwamba kule kwetu kadiri unavyomheshimu mkwe ndivyo usivyomwita. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kama bibi yake naye angekuwa huko angeingia kwenye mtama. Nikasema bibi ndiye angepita njiani, au angejificha ndani ya nyumba, kwa maana mama mkwe naye ana adabu zake: humpisha mkwe ale kwa amani, na akisikia sauti yake haitiki. Alisema hiyo ni kama kombolela. Nilicheka, nadhani ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu ile keki.

Jumapili iliyofuata mtoto alikuwa kwa bibi yake tangu jana yake. Nilipanda mwenyewe, nimeamua kwamba nitaita na nitakula mpaka siku ya mwisho ya kibali, na kitabu asiponipa, basi angalau nimuage akiwa anajua mimi ni nani. Mlango ulikuwa wazi.

"Ma!" nikaita.

Kimya. Mtoto akatokea, kidole midomoni, akijizuia kucheka. Akanivuta mpaka mezani. Pale palikuwa na bakuli moja, jozi moja ya vijiti, na supu iliyofunikwa sahani isipoe. Kiti kilikuwa kimoja. Sakafuni kando ya kiti, juu ya gazeti safi, palikuwa na kitabu cha kaya chenye jalada la kahawia, na juu yake karatasi iliyokunjwa, imejaa mwandiko wa mtu mzima anayeandika kwa kukaza mkono.

"Popo anasema ule," mtoto akaninong'oneza. "Anasema yeye hayupo."

Pazia la jikoni lilikuwa limevutwa mpaka mwisho. Chini yake niliziona zile ndala za bluu, zimesimama pamoja, hazisogei.

Nilikaa nikala. Nilikula polepole, peke yangu, kama baba yangu alivyokuwa akila ukweni, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye supu, na hata kwenye msiba wa mke wangu sikuwa nimelia hivyo. Nilipomaliza nilikiokota kitabu kwa mikono miwili. Nikageukia pazia.

"Ma," nikasema, "nimeshiba."

Ndala hazikusogea. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, na mtoto naye akaita, na yule mama aliyengoja miaka yote ile kuitwa hakuitika.