Pazia la Mama Scholastique

Katika kapela yetu ya Mtakatifu Petronila, pale mtaa wa Bwiza, Mungu alikuwa ndani na Mama Scholastique alikuwa mlangoni. Ukitaka kumfikia wa ndani, ilikubidi umalizane kwanza na wa mlangoni.

Kapela yenyewe ilikuwa bohari la zamani la pamba, lenye nguzo moja nene upande wa nyuma. Padri Ildephonse, mzee aliyepewa upadri kabla Kanisa halijaacha Kilatini, alisoma humo misa ya Kilatini kila Jumapili, uso kwa altare na mgongo kwetu. Tulikuwa waumini kumi na wanne. Kilatini hatukukijua, ila tulijua mahali pa kupiga goti, na hilo lilitutosha. Miaka minane ya vita ilikuwa imetuzoesha kutouliza maana ya kila tunachosikia.

Mama Scholastique ndiye aliyepokea watu, kazi ambayo sisi tunaiita protokole. Alikuwa mjane bila mtoto. Ujana wake wote aliwafulia masista vitambaa vya altare, na walipoondoka walimwachia ushungi mweusi wa lesi, ambao hakuuvua hata akienda kununua chumvi. Mimi ni jirani yake, fundi cherehani, watu huniita Mama Jimmy. Vitambaa vya kikapu chake nilivishona mimi, kwa hiyo katika dhambi ninayotaka kuieleza nina sehemu yangu.

Vitambaa vile vilikuwa pazia. Mzungu mmoja alipoukimbia mji aliuza vyombo vyake, na Mama Scholastique akanunua mapazia mawili ya lesi nyeupe yenye mawaridi makubwa kama visahani. Moja alilitundika dirishani kwake, na kuanzia siku hiyo akaanza kuitikia salamu za majirani kwa kichwa tu, maana mtu mwenye pazia la lesi Bwiza hawezi kusalimiana kama watu wa khanga. La pili nililikata vipande kila vilipohitajika, nikavitia pindo, vikaingia kikapuni. Mwanamke akija kichwa wazi, anafunikwa. Hiyo ndiyo sheria ya misa ya kale, na Mama Scholastique aliishika kuliko Padri mwenyewe.

Basi hivi ndivyo alivyowapokea wageni. Mgeni akitokea, alimtazama utosini. Alichukua kitambaa kwa vidole viwili, akakivuta mpaka kwenye nyusi za mwenzake, akasema "Karibu," kisha akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nguzo. Ukikaa nyuma ya ile nguzo huioni altare, wala humsikii Padri, ambaye sauti yake ilikuwa imezeeka pamoja naye. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akamfunika, na Jumapili iliyofuata hakuonekana tena. Mama Scholastique alisema mbegu imeanguka kwenye miamba.

Mwaka 2001 mwanzoni ikaja barua ya askofu. Ilisema kwa upole kwamba tu wachache mno, na kwamba parokia ya jirani ina kundi la vijana waimbaji, wenye magitaa na ngoma, lisilo na pahali pa kukusanyika. Siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti, angekuja padri wake, Abbé Gélase, kutazama mambo mawili tu: kama watu wapo, na kama desturi ya kale inashikwa kweli. Moja likikosekana, bohari linakwenda kwa magitaa.

Mama Scholastique hakula siku mbili. Wengine tungehamia misa nyingine, tukanung'unika kidogo, tukazoea. Yeye hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mlango. Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa jana yake tu alikuwa ameniambia shingo ya gauni langu inamwaibisha malaika wangu.

Akafunga novena, sala za siku tisa. Na ajabu ni kwamba wageni wakaja. Mapigano yalikuwa yamewatoa watu wa kata za kaskazini, na wengine walikuwa wametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakikimbia vita vya kwao na kuvikuta vya kwetu. Mwezi wa tano tulikuwa arobaini, wa sita tukapita sitini, karibu wote wanawake, na wote walikuja kichwa wazi. Mama Scholastique akanenepa kwa furaha. Alisema ni Kilatini kimewagusa. Padri Ildephonse alisema ni Bikira Maria. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza, maana kila kitambaa kipya kilipita kwenye cherehani yangu.

Ilikuwa hivi. Kwenye daraja la mto Ntahangwa, njia ya kwenda mtaa wa Kamenge, askari walikuwa wameweka kizuizi. Siku nyingine watu wote walirudishwa. Pasaka ile Padri Ildephonse alipita pale na wanawake wetu wawili, vichwa vyao vimefunikwa mawaridi, wakiwapelekea wagonjwa wa hospitali komunyo. Afisa mmoja, ambaye pengine alikuwa amelelewa na mama mcha Mungu, akawaambia askari wake kwamba wamama wa maua wapite. Afisa akahamishwa, amri ikabaki. Habari zikaenea kimyakimya: nenda kwa Mtakatifu Petronila, kaa saa moja nyuma ya nguzo, na utoke na kibali kichwani. Watu wenye wagonjwa Kamenge, wenye mashamba huko, wenye ndugu huko, wote wakaipenda sana misa ya Kilatini.

Ila vitambaa havikurudi. Mama Scholastique akavikosa viwili, kisha kumi, kisha kikapu kikabaki na pini. Akasimama mbele ya watu akasema wazi kwamba kati yetu wamo wezi, na kwamba kabla ya kumi na tano Agosti kila waridi lirudi kikapuni. Siku ya Abbé kila kichwa kilipaswa kuonekana kimefunikwa sawasawa, kwa mpango. Dévote, msaidizi wake, msichana aliyemfundisha yeye mwenyewe na aliyeutamani ule mlango kama wengine wanavyotamani bwana, alitikisa kichwa kwa uchungu mkubwa na kuwatazama wageni mmoja mmoja.

Jumanne moja ya mwezi wa saba mimi na Mama Scholastique tulikuwa tumekaa kibarazani kwangu. Akapita mwanamke mwembamba, sufuria mkononi, na kichwani mawaridi yetu. Mama Scholastique aliinuka kama aliyechomwa sindano.

"Kitambaa cha misa, kwa kazi ya kubeba bugali," aliniambia. "Twende, uwe shahidi."

Tulimfuata. Hakutaka kumwita barabarani, maana mwanamke wa heshima hapigi kelele. Tulimfuata jua likituchoma mpaka darajani, na pale foleni ilikuwa ndefu, watu wameketi chini wakisubiri askari wabadili mawazo. Yule mwanamke hakuketi. Alikwenda moja kwa moja, askari akatazama mawaridi, akamwonyesha njia. Nyuma yake akaingia Mama Scholastique, kidevu juu, ndani ya ushungi wake mweusi. Askari akamzuia kwa mkono.

"Wamama ya kanisa wanavaaka maua," alisema. "We hii nyeusi umeitoa wapi?"

Mama Scholastique alimweleza kwamba yeye ndiye mwenye maua yote hayo. Askari akacheka, akasema kila siku anampata mmoja wa namna hiyo. Akamwita yule mwanamke arudi, akamuuliza kama anamjua mama huyu.

"Namujua," alisema yule mwanamke. "Ni Mama Scholastique. Anakaaka ku mulango ya kanisa."

Askari akamgeukia Mama Scholastique. "Na yeye anaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tuwe majirani. Mama Scholastique alimtazama mgeni usoni badala ya utosini. Miezi mitatu alikuwa amemfunika mwanamke huyu kwa mikono yake mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili. Aliujua utosi wake, nina hakika hata leo angeweza kusema nywele zimegawanyika upande gani. Sura yake alikuwa anaitazama kwa mara ya kwanza, na jina hakuwa nalo.

"Basi humujue," alisema askari, akamwonyesha jiwe la kukalia, juani, pamoja na watu wasio na maua.

Sikusogea. Nilikuwa na kitambaa cha kawaida kichwani na woga wa kawaida moyoni. Aliyesogea ni yule mwanamke. Aliweka sufuria chini, akatoa kwenye gauni kitambaa cha pili, kimoja katika vile vilivyoibwa, akakitandaza juu ya ule ushungi mweusi na kukivuta mpaka kwenye nyusi za Mama Scholastique. Alikivuta vilevile, kwa vidole viwili. Mwalimu alikuwa amefundisha vizuri.

"Musimutese, afande," alisema. "Ni mugeni wetu. Hajazoea bado."

Askari akacheka, akatupisha wote watatu, mimi nikipita kama mgeni wao wa pili. Tulipofika lango la hospitali, Mama Scholastique akamuuliza jina. Anaitwa Huguette, ametoka Uvira. Mumewe Destin alipigwa risasi ya kupotea kwenye paja, na chakula chake ni kile anacholetewa. Siku ambayo Huguette hakuweza kuvuka daraja, Destin alikula alichogawiwa na wagonjwa wenzake, na siku nyingine alilala njaa. Huguette akafungua kitambaa kichwani mwake, akakikunja vizuri, akamkabidhi Mama Scholastique, akasema amesikia tangazo la Jumapili na hapendi kuitwa mwizi.

Mama Scholastique alilia pale langoni, mbele ya watu wanaokwenda na kurudi na sufuria zao. Akamrudishia kitambaa, akamfunga yeye mwenyewe, safari hii akimtazama usoni. Mimi nami nikalia, kisha nikajikemea, maana nilikuwa nimeijua siri yote tangu Pasaka na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote jina.

Jumapili iliyofuata hakutangaza lolote juu ya wezi. Alisimama mlangoni na kumuuliza kila mtu jina, na wa wapi, na nani anaumwa. Misa ilianza kwa kuchelewa nusu saa na Padri Ildephonse akadhani saa yake imeharibika. Dévote alisema protokole imekufa.

Kumi na tano Agosti ikafika. Abbé Gélase alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani na daftari. Alikaa benchi la mbele, amegeuka kidogo ili aone mlango. Watu walijaa mpaka ukutani. Kila kichwa cha mwanamke kilikuwa na waridi, maana waliokuwa na vitambaa viwili walikuwa wamewapa wenzao. Padri alipiga goti pasipo kutetemeka. Nilimwona Abbé akiandika, na uso wa Mama Scholastique ukiandika pamoja naye. Magitaa yalikuwa yanakwenda mbali.

Baada ya Injili mlango ukafunguliwa. Aliingia Huguette, na pembeni yake mwanaume aliyekonda, anatembea kwa gongo. Alikuwa ametoka hospitali asubuhi ile. Juu ya gongo, pale linapoegemea kwapani, mbao ilikuwa imezungushiwa lesi nyeupe ya mawaridi, mikunjo mingi, isimchubue. Na kichwa cha Huguette kilikuwa wazi kabisa.

Dévote alimzuia kwa mkono ulionyooka. Alifanya kama alivyofundishwa, sina la kumlaumu. Kikapu kilikuwa tupu. Kapela yote iligeuka, Abbé Gélase akainua kalamu, na kila mmoja wetu akajua kwamba kichwa kimoja wazi ndani ya misa ya kale, siku ile, mbele ya daftari lile, kinaweza kutufungia bohari. Mama Scholastique alijua kuliko sote. Aliweka mkono kwenye ushungi wake mweusi, nikadhani anauvua. Kisha akamtazama Huguette usoni, mkono ukashuka.

"Mupishe, Dévote," alisema. "Huyu ni Huguette. Na huyu ni Destin."

Hakuwaonyesha nyuma ya nguzo. Aliwaongoza mpaka benchi la mbele, benchi lake mwenyewe, kando ya Abbé, na Destin akanyoosha mguu wake mgonjwa hata Abbé ikambidi avute viatu. Mama Scholastique akaenda kukaa nyuma ya nguzo. Baadaye aliniambia kwamba hakusikia neno hata moja la misa ile, na kwamba siku zote hakuwa akijua kuwa huko hakusikiki kitu.

Misa ilipokwisha Abbé Gélase alimfuata mlangoni. Alisema amemwona mwanamke kichwa wazi, na akauliza kama mama wa protokole hakumwona.

"Nilimuona, mon Abbé," alijibu. "Mara zote za nyuma ndiyo sikumuonaka."

Abbé akalifunga daftari lake bila kuandika. Mwezi wa kumi barua ikaja: kapela iendelee mwaka mmoja mwingine, tena wanawake wakumbushwe kujifunika. Mama Scholastique aliisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwake, akarudi na pazia la dirishani mwake mabegani, akaniambia nikate vitambaa vingine. Nilimkumbusha kwamba watu wa barabarani watamwona ndani. Akasema ndiyo.

Mpaka leo lile dirisha halina kitu. Ukipita pale Bwiza, Mama Scholastique atakuona kabla hujamwona, na hatakuachilia mpaka umwambie jina lako.