Chungu cha Mwisho cha Mama Nafula

Mimi si mtu wa kusafiri. Hapa Shika Adabu, Likoni, watu hunicheka kwamba hata nikienda dukani naaga majirani. Lakini Jumamosi iliyopita nilifunga safari mpaka Changamwe, mkononi nimebeba mrija wa kunywea pombe, mrefu kunishinda, kwa sababu ya simu ya Mama Nafula, aliyekuwa akimpikia marehemu baba busaa, pombe ya nafaka ya kwetu.

"Kijana wa Wafula," aliniambia, "Jumatatu narudi kwetu Bungoma, sipiki tena. Chungu cha mwisho ni Jumamosi. Na baba yako bado hajaaga."

Baba alifariki mwezi wa tatu. Tuliishi wawili, nyumba moja. Tangu enzi za kazi yake bandarini alikuwa na kigoda chake kwenye chungu hicho, pamoja na wazee wengine sita wa kutoka Magharibi. Desturi yao ni kwamba mmoja akifa, mtoto wake huleta mrija wa marehemu, hukaa mahali pake, hunywa mara moja, kisha mrija huvunjwa. Hapo ndipo marehemu huwa ameaga wenzake. Alipokuwa hai alinialika mara nyingi twende wote. Kila mara nilikuwa na udhuru, na mara nyingi udhuru wenyewe ulikuwa kochi.

Saa mbili asubuhi nilimkuta jirani yangu, Bi Mwanasha, anafagia kibarazani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wenda wapi na ufito huo? Wenda kuezeka?"

"Naupeleka mrija wa baba Changamwe, kwenye pombe."

Alisita. Pombe kwake ni haramu, na baba alikuwa jirani yake miaka yote. "Haya, nenda salama," akasema. "Urudi na akili zako, maana si nyingi."

Kivukoni watu walijaa, ila mrija ulinifungulia njia. Muuza njugu akaniuliza kama nakwenda kupima kina cha bahari. Nikacheka peke yangu. Katikati ya umati ule nilikumbuka kwamba sina mtu wa kumpigia simu kumwambia nimefika ng'ambo.

Ng'ambo nilichukua tuktuk, mrija ukachomoza pande zote mbili. Tulipokaribia uwanja wa ndege, ndege ilipita chini sana, na dereva akaniambia nishushe kifaa changu nisije nikaitungua.

Saa tano nilifika uani kwa Mama Nafula. Nilitarajia kelele. Nilikuta vigoda saba vimezunguka chungu, na mzee mmoja tu amekaa, Mzee Simiyu.

"Wengine wako wapi?"

"Watatu wamerudi kwao. Wawili wametangulia," akasema. "Kaa. Hicho cha kushoto ndicho chake."

Mama Nafula alikuwa anamimina maji ya moto chunguni. Nilimwuliza busaa hupikwaje, akaniangalia kana kwamba nimeuliza maji huchotwaje. Unga wa mahindi huloweshwa siku kadhaa uchachuke, hukaangwa kwenye bati, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi na maji, ukaachwa uumuke. Bibi yake alisaga wimbi kwa jiwe. Chungu hiki mama yake alikuja nacho kwa treni, kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga, akiwafuata wanaume waliokuja kutafuta kazi. Askari walipokuwa wakipita kuvunja vyungu, hiki kilizikwa chini ya mahindi.

Nikakaa, nikatumbukiza mrija, nikavuta. Hakikuja kitu. Kichujio cha nchani kilikuwa kimeziba. Nikafanya kama nifanyavyo kwenye soda. Nikapuliza.

Chungu kikatokota povu. Mzee Simiyu akatoa mrija wake polepole.

"Umepuliza."

"Nilikuwa nazibua, mzee."

"Umepuliza. Mate yako sasa tunayanywa sote. Anayepuliza hupika chungu kinachofuata, na mpaka akipike, mrija wake hauvunjwi."

Nimekuja kuaga kwa niaba ya baba, na nimemharibia. Nikaomba radhi mara tatu. Mama Nafula akajifunika mdomo kwa leso. "Mwambie basi," akasema.

"Baba yako alikuwa akipuliza," akasema Mzee Simiyu. "Miaka thelathini kwenye chungu, mtu huyo hakosei. Akisikia tunataka kuacha kukutana, labda kwa mvua, labda kwa sikukuu, anapuliza. Basi inabidi tukutane tena, apike yeye."

"Kwa nini?"

"Nyumbani alikuwa na nani?"

Nyumbani alikuwa na mimi. Mimi na kochi langu.

Jioni nilirudi Likoni na mrija mzima, bati la kukaangia, na mfuko wa kimea. Mama Nafula alinipa vipimo vya watu saba. Nilimwomba anipunguzie, akasema busaa haina kipimo cha mtu mmoja. Hilo ndilo nililojifunza safarini, nami nimechelewa kulijua. Miguu ya Mzee Simiyu haimruhusu kupanda feri, kwa hiyo pombe nitampelekea mimi.

Unga niliuloweka Jumapili. Mzee hunipigia kila jioni kuulizia. Jana nilimwambia umechachuka.

"Vizuri," akasema.

Nikamsikia anapumua, na hakuna aliyekata simu.