Tantine na maji ya chumvi

Leo tantine, mama mudogo yangu, ameokoa samaki yangu ya bahari.

Mimi nilikuwa kazini, kule mutaa wa Makiso. Yeye, mutoto wa muvuvi wa mto kule Yanonge, akabaki nyumbani, akaonja maji ya aquarium, ile sanduku ya vioo ya samaki yenye iko mu salon.

Chumvi!

"Chumvi iko ya makayabu, samaki ya kukausha, haiko ya samaki muzima."

Donc akamwanga maji yote, akaweka ya mto.

Nafika, samaki imekufa. Ile mukali yenye ilimeza wenzake wote, nimeichunga miaka ine.

(Sikulia. Niko naangalia vioo tu.)

Tantine akanishika mukono: "Pole, mwanangu. Chumvi ilikuwa imeisha kuingia mu mubili. Nimechelewa kuja."

Nyinyi mungemujibu nini?

Mimi nilisema: "Merci, tantine."