Kompyuta Iliyofundishwa Kusema Haijui

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karani wa wodi ya watoto njiti anafanya kitu ambacho kingemkera fundi yeyote wa kompyuta. Anafungua mipangilio ya kompyuta ya Chumba cha Tatu, anafuta namba ya chumba iliyohifadhiwa humo, kisha anabonyeza kitufe cha kuchapa lebo. Anasubiri, mikono mapajani.

Printa haingurumi. Kwenye kioo yanatokea maneno: "Sijui niko chumba gani. Niandikie."

"Haya, mzima wewe," anaiambia, na kuirudishia namba yake.

Kina mama wanamwita Baba Maziwa. Ana miaka hamsini na miwili, vidole vinene, na shule aliishia darasa la saba. Kazi yake ni lebo za chupa za maziwa ambayo kina mama huwakamulia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kwa siku zinatoka lebo kama mia moja na ishirini, kila moja ndogo kama kidole gumba: chumba, kitanda, saa. Jina halienei.

Zamani aliandika kwa kalamu, na wino ukawa unafutika kwenye jokofu. Ndipo alipojifunza, kwa kitabu cha kurudufu kisicho na jalada, kuandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Makro yake husoma namba ya chumba iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, kisha huchapa.

Mwanzoni ilikuwa ikikwama kila isipoikuta namba. Wauguzi wakampigia kelele.

"Nikachoka," anasema. "Nikaiambia, usipoiona namba, weka moja, songa mbele. Ulikuwa uvivu tu, nisiupake rangi."

Mwaka ukapita salama. Kisha kompyuta ya Chumba cha Tatu ikafa, ikaletwa nyingine. Makro ikahamishwa, namba ikabaki kwenye ile maiti. Asubuhi hiyo chupa sita za Chumba cha Tatu zikatoka zimeandikwa Chumba cha Kwanza.

Aliyegundua ni mama mmoja wa Chumba cha Kwanza. Muuguzi alikuwa ameshaishika chupa, tayari kumlisha mtoto.

"Dada, subiri. Hayo si yangu."

"Si kitanda chako hiki kimeandikwa?"

"Kiandikwe kisiandikwe. Mimi tangu juzi napata vitone, machozi ndiyo yanatangulia. Hiyo imejaa mpaka shingoni. Ina mwenyewe."

Sita zote zikamwagwa. Mwenye chupa ile alikuwa mama wa Chumba cha Tatu, kitanda cha tano, mwenye binti wa kilo moja na gramu mia mbili. Baba Maziwa alimwendea mwenyewe.

"Nikamweleza yote, makro, mipangilio, sijui nini. Akanisikiliza. Akasema, 'Baba, si ungeiacha iseme tu haijui?'" Anafuta kioo kwa mkono wa shati. "Nimeoa miaka ishirini na sita. Sijaambiwa neno likanikaa hivyo."

Muuguzi mkuu alitaka kalamu zirudi. Akampa wiki mbili: lebo moja ikikosea, makro inaondoka. Karani akaiandika upya. Sasa namba isipokuwepo, lebo haitoki. Kompyuta inauliza, na jibu linaandikwa mara mbili.

"Imekuwa na maswali kama mama mkwe," analalamika muuguzi wa zamu.

"Mama mkwe anauliza kwa sababu ana mtoto kwako," anamjibu.

Leo ni siku ya kumi na nne. Saa nne, Chumba cha Pili kinawekewa kompyuta mpya. Karani hanyanyuki. Boksi la kalamu liko mezani kwa muuguzi mkuu, limefunguliwa.

Dakika chache baadaye sauti inatoka koridoni: "Baba Maziwa! Huku imesema haijui!"

Muuguzi mkuu anamtazama, anafunga boksi, analirudisha kabatini. "Basi nenda kaiambie."

Miaka mitatu ijayo atastaafu. Anaandika daftari la kumwachia atakayekuja, na ukurasa wa kwanza una mistari miwili: "Ifute namba kila asubuhi. Ikikisia, usiitumie."

Akitoka Chumba cha Pili anachungulia cha Tatu. Binti wa kitanda cha tano sasa ana kilo moja na gramu mia nne na themanini. Mama yake ameinua chupa kwenye mwanga.

"Tatu, tano, saa tatu," anasoma kwa sauti. Anamwona karani mlangoni. "Ni yetu, Baba," anasema, na kuanza kumlisha.