Uzito wa Denzil

Miaka yote ya ndoa yao, Velda Greenidge aliketi kiti cha kushoto akimsomea mumewe kona kutoka kwenye karatasi katika mashindano ya magari ya Barbados. Siku nyingine alishona sare za shule. Mwaka huu Velda alimshinda Denzil kwenye domino, wakabadilishana viti: kesho Velda angeendesha, kwa sharti moja. Gari lisiponyooka barabarani, kila mtu arudi kiti chake cha zamani.

Alilipima mwenyewe uani, uzi wa kushonea ameuvuta ubavuni kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Vitini alipanga mifuko ya sukari, mmoja kwa uzito wake, mingine kwa kilo alizotajiwa na Denzil. Akapandisha springi hii, akashusha ile, akalegeza nati na kusogeza matairi unywele kwa unywele, mpaka uzi ukagusa kote.

Walipojaribu barabarani, Denzil sasa kiti cha kushoto, gari likavuta kushoto kama linatamani miwa ya kando ya njia.

"Si nilikwambia?" Denzil alisema, ametulia kama askofu. "Limenizoea mimi."

Waliporudi uani, jirani yao Marva alikuwa ameketi ukutani, anatafuna mkate wa nazi. "Shoga, hiyo mifuko inakula kama huyu?"

Velda akamgeukia mumewe polepole. "Denzil. Una kilo ngapi?"

"Tisini."

"Za lini?"

Denzil akatazama mawingu. "Za harusi."

Velda alicheka mpaka akakaa chini, spana mapajani. "Rudi kitini, mpenzi. Hushuki mpaka nimalize."

Akaanza upya, safari hii na mume mzima ndani ya gari, anatokwa jasho na kulalamika.

"Shemeji, pokea mkate," Marva akanyoosha mkono.

"Usimpe! Utaniharibia vipimo!"

Jua lilipolegea wakatoka tena. Kwenye mwinuko katikati ya mashamba, Velda akauachia usukani, vidole vyote kumi hewani. Usukani haukutikisika.

"Shika usukani, wewe mwanamke!"

"Soma kona, baba."

Denzil akasoma, na Velda akakanyaga mafuta huku akipiga vigelegele. Miaka yote hiyo macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Hakuwahi kujua kwamba barabara hii, ukifika kileleni, inakumwagia bahari yote usoni.