Vitabu Vilivyopelekwa Kulelewa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile nilipofika kazini nikakuta mawingu juu ya meza yangu. Upepo wa mvua ulikuwa umeipiga Likasi, ukang'oa bati za maktaba, na nyingine tulikwenda kuziokota karibu na reli. Nilikuwa msichana, nimetoka Lubumbashi na diploma mpya, viatu vya kisigino, na kiburi kidogo ambacho diploma humpa mtu ambaye hajaizoea. Nilisimama katikati ya maji nikalia. Sikuvililia vitabu, nakwambia kweli. Nililia kwa sababu ndiyo kwanza nimepata kazi, na kazi yenyewe imeruka na paa.

Nakusimulia haya wewe uliyekabidhiwa funguo za maktaba ileile mwaka huu, kwa kuwa habari zako zimenifikia. Vijana wanafika mlangoni, unawaambia warudi siku ordinateurs, yaani kompyuta, zitakapofika na umeme wa jua ukishafungwa. Darasa la akina mama nalo, nasikia, linangoja rangi ya ukuta. Sikuja kukugombeza. Kugombeza nimeacha, sina pumzi ya kutosha. Lakini keti, nisikilize mpaka mwisho, kisha utafanya unavyoona.

Mkuu wetu wakati ule alikuwa Tata Kabeya; tata kwetu ni baba. Wazee wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, yeye akasoma shule ya misheni Mulungwishi, akawa karani, kisha mtunza maktaba, na alipofika hapo akasema hataki kupanda tena. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kuvaa koti hata jua likichoma. Akikukosoa alishusha sauti, hata ikabidi umsogelee ili usikie unavyosemwa.

Siku ileile bwana wa komini, ile serikali ya mji, anayesimamia majengo alikuja kutazama uharibifu. Hakuja peke yake, alikuja na mfanyabiashara wa simenti.

«Tata, bitabu biende ku dépôt ya komini,» akasema. «Toiture tutatengeneza. Kisha salle tutaipatia muntu mwenye iko na kitu ya kutia mukati.»

Mfanyabiashara akapima ukumbi kwa macho, kutoka ukuta hadi ukuta. Sote tulielewa. Ikiwa paa litakwisha na sisi hatuna maktaba ya kuonyesha, ukumbi utakuwa ghala la simenti, na mji wetu utabaki bila mahali pa kusomea.

Tulikwenda kuliona hilo ghala la komini. Sakafu ilikuwa na maji, na panya walitutazama kama wenye nyumba. Tata Kabeya hakuingia hata ndani. Tuliporudi njiani akashusha sauti.

«Jeanne, nyumba ya ndugu yako ikianguka, batoto bake unabapeleka ku dépôt?»

«Hapana, Tata. Unabapeleka kwa bandugu.»

«Njo vile,» akakubali.

Unajua mwenyewe desturi yetu. Baba akipoteza kazi kiwandani, au mama akifariki, watoto hugawanywa: huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba, mwingine kwa rafiki wa ubatizo. Kila mmoja anakula bukari, ugali wetu, pale alipo, na hakuna anayesema watoto wamepotea. Wanalelewa. Siku nyumba ikisimama tena, wanarudi. Basi Tata Kabeya aliamua vitabu vya maktaba viende kulelewa.

Jumapili ilitangazwa misani na katika makanisa mengine: anayetaka kulea kitabu aje, na aje na jirani yake awe shahidi. Watu walikuja, mwanangu! Wafanyakazi wa kiwanda na baiskeli zao, wauzaji wa soko, fundi cherehani, walimu. Tata Kabeya alitoa kila kitabu kwa mikono miwili, akirudia maneno yaleyale: «Huyu ni mutoto wetu. Mumuchunge na maji, mumuchunge na moto. Lakini musimufungie mu sanduku. Mutoto anatembeaka.»

Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kalamu, moyo unaniwaka. «Tata, tuandike hata majina! Mali bila daftari hupotea bila habari.»

«Ile ni ya mali,» akajibu bila kugeuka. «Mutoto ya ndugu yako unamukatiaka reçu? Jirani njo karatasi yangu.»

Wewe usifanye hivyo leo. Wakuu wako watakufukuza, na mimi sitakuja kukutetea. Lakini mzee yule aliwajua watu wake, na zaidi ya yote alijua kila kitabu kimekwenda nyumba gani. Yote yalikuwa kichwani mwake.

Sasa sikia balaa. Mvua ziliisha, baridi ya Juni ikaanza, mafundi wakapanda juu kupiga bati mpya. Na wakati huohuo Tata Kabeya akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukalegea, na kumbukumbu ikawa inakuja na kwenda. Wanawe wakamlaza nyumbani. Bwana wa komini akaniita ofisini, akasema paa linakwisha juma lile, na Jumatatu itakayofuata lori la simenti litakuja, isipokuwa nimwonyeshe maktaba. Nilitoka pale sina mkuu, sina daftari, sina kitabu hata kimoja.

Nilitembea, mwanangu. Viatu vya kisigino nilivitupa siku ya kwanza. Nilikwenda cité zote, ile mitaa ya watu, nikafika mpaka njia ya Kamatanda nikibebwa nyuma ya baiskeli. Kila mahali walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakaniuliza hali ya Tata. Nikiuliza vitabu, jibu lilikuwa moja: «Biko, maman. Biko bizuri.» Na hakuna aliyeinuka kunipa.

Mama Béa, muuza makala, yale makaa ya kupikia, ndiye aliyenitia hasira kuliko wote. Kitabu nilikiona kwa macho yangu juu ya kabati lake, amekifunga kwa kipande cha kitambaa safi. Nikanyoosha mkono. Akaja kusimama katikati yangu na kabati, huku anatabasamu.

«Kiko kizuri, Jeanne. Usikuwe na wasiwasi.»

Nilitoka pale nikisema moyoni kwamba watu hawa wamevila vitabu. Nikaenda moja kwa moja kwa Tata Kabeya. Nilimkuta amefunikwa blanketi, siku hiyo akili yake imetulia. Nikammwagia yote.

«Banatuibia, Tata! Bote banasema biko, na hakuna mwenye anarudisha!»

Sauti yake ikashuka, nikalazimika kuinama.

«Ulifungua?»

«Nifungue nini? Rafu ziko tupu.»

«Ulifagia?»

Nikamvutia blanketi begani.

«Jeanne. Banakutuma urudishe mutoto kwa bazazi bake. Unafika, mulango umefungwa, moto hakuna, nyungu iko pembeni. Unamuacha pale?»

«Hapana, Tata.»

«Na bantu benye banalea bitabu, bako bajinga?» Akapumua kwa shida. «Uliwahi kuona mutoto anaitwa arudie ku nyumba ya baridi? Washa moto kwanza. Fungua!»

Neno lile la mwisho alilisema kwa nguvu aliyokuwa amebaki nayo. Niliona haya, na nilikasirika, na nilijua amesema kweli, yote kwa pamoja. Waswahili wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nangoja vitabu ili nifungue, wakati watu walingoja nifungue ili walete vitabu. Tungengojana hivyo mpaka simenti ifike.

Kesho yake nilifagia. Nilipangusa rafu tupu, nikafungua madirisha yote, nikaenda parokiani kudai mabenchi yetu tuliyohifadhi huko tangu paa liruke. Wanafunzi waliokuwa wakipita niliwaambia waingie na madaftari yao, wafanye kazi za shule pale, nami nitawasaidia Kifaransa. Watoto wadogo niliwakalisha chini nikawasimulia hadithi za bibi yangu, maana nyingine sikuwa nazo. Akina mama waliokuwa wameahidiwa muda mrefu darasa la kusoma, wakaambiwa subirini ubao, subirini chaki, subirini vitabu vya herufi, nikawapitia sokoni mmoja mmoja. «Njooni Jumatatu asubuhi,» nikasema.

«Ubao iko?» Mama Béa akauliza.

«Mbao tutapata. Lete makala.»

Jumatatu walikuja, wengine na watoto mgongoni. Mama Béa alileta makala kwenye kopo, tukawa tunaandika juu ya mbao walizoacha mafundi wa paa. Tulikuwa kwenye herufi ya M lori liliposimama nje. Mfanyabiashara akaingia na wabebaji wake, akaona mabenchi yamejaa wanawake, akacheka.

«Bamama, musimame. Salle iko yangu leo.»

Hakuna aliyesimama. Mama Béa hakuacha hata kuandika. Alikuwa akiuvuta polepole ule mguu wa pili wa M, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuiandika peke yake.

«Patron, hatuyamaliza bado,» akasema. «Ngoja kwanza.»

Akangoja, afanye nini? Kuwatoa wanawake kwa mabavu mbele ya soko zima kungemharibia biashara. Wabebaji wake wakakaa madirishani. Mmoja wao akaanza kuitamka M pamoja nasi, chini chini, kisha akaingia akaketi. Jua lilipopanda, bwana wa komini naye akafika, ameitwa.

«Nani alibaruhusu?»

Nikasogea mbele ya mabenchi. Nikasema, «Chef, bibliothèque, maktaba yetu, imefunguliwa. Hii ni darasa ya bamama. Saa za mchana ni za batoto.»

«Na bitabu biko wapi?»

Nilitazama zile rafu zilizong'aa kwa usafi na utupu wake, nikaona ndiyo basi, nimeshindwa.

Ni Mama Béa aliyesema, tena hakusema na yule bwana, alisema nami. «Jeanne, kumbe unabakia hapa? Haukukuwa unakusanya bitabu ubipeleke ku dépôt, alafu hapa batie ciment?»

«Miye? Nani alikuambia vile?»

«Cité yote inajua! Tulisikia salle iliuzwa. Unapita unaomba bitabu, na hapa mulango umefungwa na kufuli. Tukuletee batoto balale na ciment?»

Mwanangu, nilikaa chini kwenye benchi. Siku zote zile nilizowaita wezi, wao walikuwa wakivilinda vitabu wasinipe mimi.

Mama Béa akajipangusa makala mikononi, akatoka. Wengine nao wakatoka, kila mmoja akaelekea kwake, na mimi nikabaki na wale mabwana wawili, wabebaji na lori. Kisha Mama Béa akarudi na kitabu katika kitambaa chake, akaniwekea mkononi kwa mikono miwili, kama alivyokipokea. Nyuma yake wakaja jirani zake. Alasiri wakaja wa kiwanda walipotoka zamu. Fundi cherehani alileta cha kwake na vingine vya mtaa mzima, vimeshonwa migongo kwa uzi wa suruali. Bwana wa komini akajikuta amesimama katikati ya mstari, watu wanampisha wakimwomba radhi.

«Bon,» akasema mwishowe. «Tutaona.»

Kuona kwenyewe kulichukua miezi. Mfanyabiashara alirudi tena na tena, na kila aliporudi alikuta watu wengi zaidi, mpaka akatafuta ghala kwingine. Si kila kitabu kilirudi. Juzuu moja ya ensaiklopidia ilikwenda Kolwezi na familia iliyohama, na mpaka leo nikiulizwa nasema iko safarini. Lakini vilivyorudi vilirudi na watu. Yule fundi cherehani alikuwa amezoea kuwasomea jirani zake kila Jumamosi, akaniuliza sasa watasomea wapi. Nikamwambia hapa. Saa ile ya Jumamosi unayoikuta kwenye ratiba yako leo haikubuniwa na ofisi yoyote, ilianzia kibarazani kwake.

Tata Kabeya aliletwa mara moja kuona, ameshikwa mikono na wanawe. Alitazama rafu, akatazama akina mama, akatazama madirisha. Nilingoja sifa. Akaniambia, «Kioo ile iko chafu.» Nikafurahi kuliko siku nilipopata diploma.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema wazi usije ukasema mzee alizunguka mbuyu. Watu watakwambia subira huvuta heri, nao hawakosei. Lakini subira ni kazi inayoendelea wakati heri haijafika, si kufuli mlangoni. Ordinateurs zikija, zikute vijana wameshazoea njia. Rangi ikija, akina mama walihamishe darasa upande mmoja huku ukuta mwingine unapakwa. Ukiona watu hawaji, usiwaite wavivu wala wezi kabla hujajiuliza wanaona nini wakipita mbele ya mlango wako. Wakubwa wakikuomba jengo, usiende na maneno matupu, waonyeshe watu waliomo ndani. Na usingoje kuwa na kila kitu ndipo uanze, kwa maana anayengoja kila kitu huwaachia wengine nafasi yake.

Mungu akubariki, binti yangu. Akupe watu kabla ya vitu, akupe ulimi wa kuwakatalia wakubwa bila kuwavunjia heshima, akuzidishie uhai mpaka watoto wa wasomaji wako wakuite bibi. Mimi nimemaliza. Kesho ni Jumatatu, na vijana watapita mapema.